Kupiga Msasa Kitako cha Hitisinki: Usawa Kwanza

Ndugu zangu, habari za jioni. Leo tunashughulikia kitako cha hitisinki, kile chuma chenye feni kinachoondoa joto la prosesa ya kompyuta; kitako ni ule uso unaokalia prosesa. Kuna wanaotaka king'ae mpaka wajione humo. Mng'aro wenyewe haupoozi kitu. Kinachopooza ni uso ulio sawa, usio na bonde wala kilima.

Tupige hesabu. Kipimo cha upitishaji joto cha shaba ni kama wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi; pesti ya kawaida, ule uji unaopakwa kati ya kitako na prosesa, ni kama 5, na hewa ni 0.026 tu. Chukua prosesa yenye kifuniko cha milimita 30 kwa 30, inayotoa wati 100. Pesti ikiwa na unene wa milimita 0.05, inakula nyuzi 1 hivi. Kitako kikiwa na bonde, pesti ikafika milimita 0.15, inakula nyuzi 3 na ushee. Na hiyo ni hesabu ya huruma, maana joto halitoki sawasawa kifuniko kizima. Linatoka zaidi pale chipu ilipo, mara nyingi katikati, na bonde nalo hupenda kukaa hapohapo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa msasa, hakikisha kuna ugonjwa. Simamisha wembe mpya juu ya kitako, nyuma yake kuwe na taa. Mwanga ukipenya katikati, kimebonyea. Ukipenya pembeni, kimevimba; hapo usikimbilie msasa, kwani vingine hutengenezwa hivyo makusudi ili skrubu zikikazwa shinikizo liangukie katikati. Na kama mirija ya joto ndiyo inayogusa prosesa moja kwa moja, acha kabisa. Kuta zake ni nyembamba, na ndani mna kimiminika kidogo, kwa kawaida maji, kilichofungiwa bila hewa. Ukitoboa, hakuna kuziba: hiyo imekufa.

Haya, kazi. Ondoa feni. Tafuta kioo kinene, milimita 6 hivi, maana mbao hupinda. Juu yake bandika msasa wa maji namba 400, uvutike vizuri. Kiputo chini ya karatasi kitachimba kitako. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni. Chora miraba kwenye kitako kwa maka isiyofutika kwa maji.

Sasa namna ya kushika, ambapo wengi huharibu. Shika chini, karibu na kitako, usishike juu kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya kupoza. Ukishika juu, hitisinki inayumba kila unapobadili mwelekeo, kingo zinalika, na unapata kilima ambacho hakikuwapo. Usikandamize, uzito wake unatosha. Vuta kwa mstari ulionyooka mara 20, geuza hitisinki robo mzunguko, vuta tena. Suuza, tazama wino. Uliposalia ndipo penye bonde. Kama kitako kimepakwa nikeli, shaba nyekundu itachomoza kwanza kwenye sehemu zilizoinuka, nayo ni ramani nzuri kuliko wino. Usihame namba 400 hadi wino wote uishe, hata kama mkono umechoka. Usawa hupatikana hapa. Misasa inayofuata inafuta mikwaruzo tu.

Kisha 600, 800, 1000. Kila ukibadili, suuza kioo na kitako, maana punje moja ya 400 ikibaki itachora hadi mwisho, halafu vuta kukatiza mikwaruzo iliyotangulia mpaka ipotee. Namba 1000 inatosha. Ukitaka 2000, ni pambo. Dawa ya kung'arishia vyuma msitumie: mafuta na nta yake hujificha kwenye mikwaruzo, na pesti haishiki vizuri.

Vumbi la shaba linapitisha umeme, basi fanyeni haya mbali na bodi ya kompyuta. Osha, puliza mapezi, malizia kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichoacha manyoya. Pesti iwe kiasi cha punje ya njegere, na skrubu zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo.

Mwisho, vipimo. Wengi hulinganisha hitisinki ya zamani yenye pesti iliyokauka na mpya yenye pesti mbichi, kisha sifa zote wanaupa msasa. Pakeni pesti mpya kwanza, pimeni, ndipo mpige msasa, mpake pesti ileile na kupima tena. Feni iwe kwenye mwendo uleule, prosesa ifanye kazi kwa nguvu zote dakika 30, na mtoe joto la chumba kwenye kila kipimo. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 1, msiihesabu. Kuondoa na kurudisha hitisinki ileile tu kunaweza kuileta.