Maneno ya Kisanskriti Hayaji Kukusifu

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja.

Siku hizi ukishika simu asubuhi hukosi picha ya mtu amekunja miguu ufukweni, juu yake pameandikwa Aham Brahmasmi, maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na chini: "Mimi ni nguvu, mimi naweza, leo ni zamu yangu." Wapo wanaoyakariri mbele ya kioo kabla ya kutoka. Kukariri sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni na yale maelezo ya chini.

Desturi ya kujisifu kwa sentensi fupi kila siku haikuanzia India. Aliyeivumisha ni mfamasia Mfaransa, Émile Coué wa mji wa Nancy, aliyefariki mwaka 1926. Wagonjwa wake aliwaagiza waseme mara 20, asubuhi na usiku, kwamba kila siku na kwa kila hali wanazidi kupata nafuu, na wawe na uzi wenye mafundo 20 wasipotee hesabu. Sisi tumeichukua dawa ya Coué tukaivika sari.

Na dawa yenyewe haimfai kila mtu. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaojidharau, walipoambiwa warudie sentensi ya kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya zaidi. Si ajabu. Ulimi unasema, moyo unajibu: mwongo wewe.

Sasa twende kwenye Upanishadi ya Chandogya, mojawapo ya maandiko ya kale ya Wahindu. Kijana Shvetaketu alipelekwa kusoma akiwa na miaka 12, akarudi ana miaka 24, Veda zote, vile vitabu vyao vitakatifu, kichwani, na majivuno hayabebeki. Baba yake, Uddalaka, akaliona hilo. Halafu akamtuma: kalete tunda la ule mti (ni mti wa jamii ya mkuyu). Lipasue. Unaona nini? Mbegu, ndogo ndogo. Pasua moja. Unaona nini? Sioni kitu, baba. Mzee akamwambia: hicho usichokiona ndicho kilichousimamisha mti mzima huu. Tat tvam asi, Shvetaketu. Hicho ndicho wewe.

Siku nyingine akamwambia atie chumvi katika maji usiku. Asubuhi: nipe ile chumvi. Kijana akapapasa, haipo. Onja juu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja chini. Chumvi. Tat tvam asi, kwa mara nyingine. Sentensi hiyo inarudiwa mara tisa, na kila mara anaambiwa kijana anayejiona amemaliza dunia. Ilikuja kumshusha. Mtu akiitumia leo kujiambia yeye ni bora kuliko bosi wake, ameipindua juu chini.

Kwa hiyo mkiniuliza muanze kukariri neno lipi, nawapa hili, la Upanishadi ya Brihadaranyaka: Asato ma sad gamaya, tamaso ma jyotir gamaya, mrityor ma amritam gamaya. Nitoe katika uongo unifikishe kwenye kweli, nitoe gizani unifikishe kwenye nuru, nitoe katika mauti unifikishe kwenye uzima. Tazameni: anayesema hajadai kwamba amefika. Anaomba kupelekwa. Moyo hauna pa kumwita mwongo. Mtu aliyeamka akiwa hana hamu hata ya kunawa uso anaweza kulisema bila kujidanganya.

La pili ni la Bhagavad Gita, kitabu kingine kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, ubeti wa 47: Karmanye vadhikaraste, ma phaleshu kadachana. Una haki juu ya kazi yako, juu ya matunda yake huna kamwe. Ni mungu Krishna anamwambia Arjuna, shujaa aliyetupa upinde wake chini katikati ya uwanja wa vita. Hamwambii "wewe unaweza." Anamwondolea mzigo wa matokeo. Kwa anayengoja majibu ya mtihani au ya usaili, hilo lina kazi kuliko sifa kumi.

Sasa, Aham Brahmasmi. Mimi ni Brahman, yaani ule uhalisi mkuu ulio asili ya vyote. Hilo si pambo. Ni itikadi nzima, na wanaoifuata hufundishwa na mwalimu kwa miaka. Mwislamu atamkumbuka Mansur al-Hallaj, yule Sufi aliyesema "Ana al-Haqq", mimi ndiye Kweli, jina la Mungu mwenyewe, na akauawa Baghdad mwaka 922. Kama imani yako hailikubali, liache, wala hujapungukiwa na kitu.

Nasema hivyo kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2001 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa Italia kwa watu wazima 23. Walisali rozari kwa Kilatini, na pia wakakariri mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, ya om mani padme hum. Kwa zote mbili pumzi ilishuka hadi kama mara sita kwa dakika. Basi mwenye tasbihi yake na nyiradi zake, au rozari yake, utulivu huo anao tayari nyumbani.

Namna ya kufanya ni nyepesi. Chagua moja, ukae nalo mwezi, usirukeruke. Kwanza lisome kwa sauti, baadaye kwa kunong'ona, mwisho moyoni; ndivyo wenyewe wanavyopanda ngazi. Ukitumia mala, ule uzi wa shanga za kuhesabia, ina shanga 108 na moja kubwa ya kichwa. Ukiifikia hiyo huivuki. Unageuza unarudi ulikotoka. Simu iwe chumba kingine. Na ujue maana kabla ya kuanza, maana Uddalaka alimtuma mwanawe tunda na maji kwanza, ndipo akampa sentensi.

Tuchukue maswali. Dada uliyeinua mkono tangu nilipomtaja al-Hallaj, karibu.