Jua la Kigoma na Ramani ya Ukutani

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianzie Kigoma. Mwezi wa Ramadhani, mtu wa Kigoma akisikia redioni adhana ya magharibi ya Dar es Salaam, hagusi tende. Jua lake bado liko juu ya ziwa. Atangoja karibu dakika 40 zaidi. Saa yake na ya mwenzake wa Dar zinasoma sawasawa, jua ndilo halijali.

Hesabu yake nyepesi. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24: nyuzi 15 kila saa, nyuzi moja kila dakika 4. Kati ya Dar na Kigoma kuna nyuzi zinazokaribia 10. Tena saa yetu ya Afrika Mashariki imefuata longitudo (mstari wa kaskazini-kusini) ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haipiti Tanzania wala Kenya. Inapita Somalia huko. Ndiyo maana Kigoma kivuli huwa kifupi kabisa kwenye saa saba mchana. Nendeni Bujumbura, mji ulio karibu kabisa na longitudo hiyohiyo ya Kigoma: wakati huohuo saa za huko zinasoma saa sita. Jua lilelile, serikali mbili. China nayo, kwa upana wake wote, inatumia saa moja ya Beijing.

Sasa tazameni ramani hii ya kanda za saa, yaani maeneo ambayo saa zake zinasoma sawasawa, ya mtindo wa mchora ramani Mercator. Kanda zimesimama wima, upana uleule toka ikweta mpaka juu. Si kweli! Nyuzi 15 kwenye ikweta ni kama kilomita 1,670. Ukifika latitudo ya 60, usawa wa Oslo na Helsinki, ni nusu tu. Zinabanana kama vipande vya chungwa. Mercator, mwaka 1569, alizitanua kwa makusudi. Na pale alipotanua upana mara mbili, akavuta na urefu mara mbili, pembe zisiharibike, ili nahodha apige mstari ulionyooka na kuufuata kwa dira bila kubadili pembe. Gharama yake: eneo linakuwa mara nne. Kisiwa cha Greenland kinaonekana kulingana kwa ukubwa na Afrika, wakati Afrika ni kubwa mara 14!

Mimi Mercator simlaumu, aliwachorea mabaharia. Namlaumu aliyeitoa chomboni akaibandika darasani. Ramani zinazotunza ukubwa zipo, kama Equal Earth ya mwaka 2018, ingawa hiyo nayo hupotosha maumbo. Chora kanda za saa juu yake uone zinavyopinda na kusongamana kuelekea ncha.

Haya, nani ana swali?