Presha ya Kibofu

Ndugu zangu, mkisikia neno presha mnawaza mkono na ile mashine inayobana. Leo nazungumzia presha ya kibofu cha mkojo. Naona mmeanza kutazamana. Msione haya, mimi haya zangu niliziacha mlangoni mwa maabara siku nyingi.

Chukueni wanaume wawili. Wote mkojo wao unatoka kwa kusuasua, wote wakimaliza wanahisi bado upo. Maelezo yao hayatofautiani hata kidogo. Lakini mmoja tezi dume imevimba, inabana njia. Msuli wa kibofu unasukuma kweli kweli na mkojo haupiti. Wa pili njia iko wazi, msuli ndio uliolegea, pengine kwa kisukari cha miaka mingi kilichoharibu mishipa ya fahamu. Wa kwanza akipasuliwa tezi, huenda akapata nafuu kubwa. Wa pili tutampasua bure.

Tunaanza na kipimo chepesi: mgonjwa anakojolea chombo kinachopima kasi. Kwa mwanamume, mililita 15 kwa sekunde au zaidi si mbaya. Chini ya 10, kuna jambo. Ila atoe angalau mililita 150, maana kibofu chenye vijiko viwili vya mkojo utakidai mkondo gani? Kisha tunaangalia kwa ultrasaundi kilichobaki ndani.

Kasi peke yake haimtaji mkosaji. Ndipo tunapitisha mrija mwembamba hadi kibofuni, na mwingine kwenye njia ya haja kubwa. Kila mtu huuliza: huo wa nyuma wa nini? Kibofu kiko ndani ya tumbo. Ukikohoa au ukijikamua, tumbo linakibana na presha yake inapanda, ingawa chenyewe hakijafanya kazi yoyote. Mrija wa nyuma unapima presha ya tumbo. Kompyuta inaiondoa kwenye ile ya kibofuni, na inayobaki ni ya msuli wenyewe. Ndiyo maana kila baada ya muda utaambiwa “kohoa”. Kwenye skrini mistari miwili, wa kibofu na wa tumbo, inaruka kwa pamoja; wa tatu, wa msuli, umetulia tuli. Mstari huo wa tatu usipotulia, huenda mrija umeteleza au umeingia hewa. Hapo tusimame turekebishe. Kuendelea ni kuchora mapambo.

Tunajaza maji ya chumvi, kama ya dripu, polepole. Kibofu chenye afya hupokea maji na presha yake isipande sana. Msuli ukijikunja wenyewe wakati mgonjwa amejizuia, huyo ndiye yule anayekimbilia choo kila mara. Akikohoa mkojo ukamtoka na msuli umetulia, tatizo liko kwenye msuli wa mlango wa kibofu, ule unaozuia mkojo usitoke. Tunaliona sana kwa kina mama waliojifungua. Ninaowahofia zaidi ni walioumia uti wa mgongo: presha ya kibofu ikizidi sentimita 40 za maji (ndicho kipimo chetu cha presha) na kukaa huko, figo zinaharibika kimya kimya, bila maumivu.

Mwisho anakojoa mirija ikiwa ndani. Presha kubwa na mkondo dhaifu, njia imeziba. Vyote viwili dhaifu, ni msuli.

Baadaye mkojo unaweza kuchoma siku moja au mbili. Ukipata homa au mkojo ukigoma kutoka, rudi hospitali upesi.

Wapo wanaoshindwa kabisa kukojoa kwa sababu tumewakodolea macho. Hao tunawavutia pazia, tunafungua bomba lichuruzike, tunasubiri.