Milimita Tano za Shokapu ya Mbele

Ndugu zangu mafundi na waendeshaji, habari za asubuhi.

Nianze na swali linalowagonganisha hata wazoefu. Miguu ya shokapu ya mbele imeshikwa na vibano viwili, cha juu na cha chini. Ukilegeza bolti za vibano hivyo ukaisukuma miguu juu, ncha zake zikachomoza zaidi, mbele ya pikipiki itakuwa imepanda au imeshuka? Naona mmegawanyika. Imeshuka. Mguu haukwenda popote, gurudumu bado liko chini. Fremu ndiyo iliyoteremka. Anayelichanganya hili hurekebisha kinyume, halafu lawama zote anaitupia tairi.

Kwa nini tujisumbue? Kuna pikipiki inayogoma kuingia kwenye kona. Unausukuma usukani kwa nguvu, nayo inatanuka kuelekea ukingo wa barabara. Ukiishusha mbele kidogo, shokapu inasimama wima zaidi na uzito unasogea kwenye gurudumu la mbele.

Lakini kuna jambo la tatu, na hapo ndipo penye utamu. Chora kichwani mstari unaofuata mhimili wa usukani hadi chini. Utagusa barabara mbele kidogo ya pale tairi inapokanyaga. Umbali kati ya nukta hizo mbili, ambao kwenye pikipiki nyingi za barabarani ni kama milimita 90 hadi 110, ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kama vigurudumu vya toroli vinavyojipanga nyuma ya mhimili wake mara unapoanza kusukuma. Umbali ukiwa mrefu, pikipiki inatulia lakini inakuwa nzito kugeuka. Ukifupika, inageuka upesi lakini utulivu unapungua.

Tupige hesabu. Chukua pikipiki yenye milimita 1,400 kati ya ekseli mbili, shokapu ikiwa na mlalo wa digrii 25, yaani imelala kiasi hicho kutoka wima. Sukuma miguu juu milimita 10. Mlalo unapungua zaidi kidogo ya theluthi moja ya digrii, na ule umbali unapungua milimita 2 na ushei. Mnacheka, nawaona. Lakini hicho kiasi dereva makini anakihisi kona ya kwanza tu. Ndiyo maana nashauri kwenda milimita 3 hadi 5 kwa mara moja, kisha uendeshe, kisha uamue. Anayeruka milimita 15 kwa siku moja hatajua ni wapi alipopita pazuri.

Hata hivyo, kabla hujagusa bolti yoyote, pima shokapu inazama kiasi gani. Inua gurudumu la mbele lining'inie, pima urefu wa sehemu ya bomba inayoteleza. Shusha, dereva akae na mavazi yake ya safari, mtu mwingine aishike pikipiki wima, pima tena. Kwa shokapu yenye safari ya milimita 120, yaani umbali wote inaoweza kubonyea, tofauti ya 30 hadi 40 ni ya kawaida. Ukikuta 55, springi imechoka au ni laini kwa uzito wa huyo dereva, na mbele tayari imeshuka kuliko inavyotakiwa. Hapo kushusha zaidi ni kuongeza tatizo. Upepo wa tairi na beringi za usukani nazo zikaguliwe. Sitakawia hapo, mnazijua.

Kazi yenyewe ni fupi. Pikipiki ishikiliwe na fremu, uzito utoke mbele. Usilegeze kila kitu kwa pamoja, maana itakuangukia ghafla. Legeza kwanza bolti za kibano cha juu, kisha za chini, mguu mmoja baada ya mwingine, na miguu yote miwili iwe sawa kwa rula, si kwa jicho. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha kitabu cha pikipiki hiyo. Kibano cha chini kikikazwa kupita kiasi kinaliminya bomba, na shokapu inaanza kukwama.

Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: shokapu ikibonyea hadi mwisho, tairi au madigadi itagusa nini? Pima nafasi iliyopo kati ya madigadi na kibano cha chini, na kati ya tairi na rejeta, uilinganishe na safari yote iliyobaki. Nafasi ikiwa ndogo kuliko safari, rudisha miguu ilipokuwa. Zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho, uone kama nyaya na mabomba ya breki yanavutika.

Mwendo ukiongezeka, usukani ukaanza kutikisika mikononi, umeshusha mno. Rudisha milimita 2 au 3. Na kama unapenda wepesi huo lakini hutaki kupoteza nafasi chini ya injini, pandisha nyuma badala ya kushusha mbele. Mlalo unapungua vilevile, ila kitovu cha uzito kinapanda, na kiti nacho kinapanda. Dereva mfupi atalalamika.

Maswali?