Alitembea Nao, Wasimtambue

NEEMA: Bwana Yesu asifiwe, msikilizaji.

AMANI: Amina. Bwana Yesu asifiwe sana.

NEEMA: Ametuandikia mama mmoja muuza mboga, anaamka saa tisa usiku kuwahi mzigo sokoni. Anasema zamani akiomba machozi yalimtoka, siku hizi anaomba anasinzia. Anauliza kama Mungu bado yuko naye. Kaka Amani, unamjibuje?

AMANI: Ningefungua naye Luka 24. Siku ile ile ya ufufuko, watu wawili wanatoka Yerusalemu kwenda Emau, mwendo wa saa mbili hivi. Yesu anawafikia, anaandamana nao, anawaeleza Maandiko kuanzia Musa na manabii wote. Nao hawamjui!

NEEMA: Na ni wanafunzi wake hao.

AMANI: Wake kabisa. Mmoja anatajwa, Kleopa. Anamsimulia Yesu habari za Yesu. Matumaini yao wanayaeleza kama jambo lililokwisha kupita, na anayewasikiliza ndiye aliye hai.

NEEMA: Ina maana hawakuhisi lolote?

AMANI: Walihisi, wakaja kuelewa baadaye. Mezani akatwaa mkate, akaubariki, akaumega, macho yao yakafumbuliwa, akatoweka. Ndipo wakaulizana kama mioyo yao haikuwaka kule njiani. Kumbe iliwaka wakiwa bado na huzuni.

NEEMA: Jambo hili linanigusa sana, maana tumezoea kupima uwepo wa Mungu kwa moto wa ibada. Sifa zikipanda, watu wakilia, tunasema leo Bwana ameshuka. Jumatatu umesimama kwenye daladala, umebanwa, unaona kama umemwacha kanisani.

AMANI: Yakobo alikuwa anamkimbia ndugu yake Esau, usiku umemkuta njiani, kichwa kwenye jiwe. Alipoamka akasema, "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Mwanzo 28.

NEEMA: Lakini nikubane kidogo, kaka. Yupo anayetusikia ana mgonjwa ndani, mwaka wa pili huu. Ukimwambia atatambua baadaye, leo unampa nini?

AMANI: Hilo zito, dada. Siwezi kumwahidi kwamba kesho atajisikia vizuri. Zaburi 88 inaishia gizani, mwishoni hakuna shangwe, na imo ndani ya Biblia. Ila aliyeiimba anamlilia Mungu mchana na usiku. Mtu halii hivyo kwa asiyemwamini kwamba yupo. Na wale wa Emau, kabla hawajamtambua, walimsihi, "Kaa pamoja nasi."

NEEMA: Sala fupi. Mama anaweza kuisema hata tenga likiwa kichwani.

AMANI: Kabisa. Halafu jioni aipitie siku yake: nani alinisaidia kushusha mzigo? Wapi nilitaka kujibu vibaya nikapewa kunyamaza? Ignasi wa Loyola, karne ya 16, aliwafundisha Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, kuipitia siku mbele za Mungu, wakianza na shukrani. Sisi wa makanisa mengine tuna la kujifunza hapo.

NEEMA: Na akisinzia katikati?

AMANI: Alale, mama wa watu amechoka! Nabii Eliya alilala chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika akamwamsha, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akanywa, akalala tena. Hakukemewa.

NEEMA: Basi tumwombee sasa, pamoja na wote wanaouguza. Kaka, tuongoze.