Fort Portal: mji wa Watooro, jina la balozi wa Zanzibar

Baraka: Haya jamani karibuni tena. Leo tuko magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, kwenye mji wa Fort Portal. Dada Rehema, mji wa Watooro unabebaje jina la Mzungu?

Rehema: Na Mzungu mwenyewe alikuwa jirani yetu kaka, Gerald Portal, balozi wa Uingereza pale Zanzibar, 1893 ndo akatumwa Uganda akaangalie kama Waingereza waichukue au waachane nayo.

Baraka: Kwa hiyo hiyo "Fort", yaani ngome, kajenga yeye?

Rehema: Hapana, ngome za Toro, yaani ufalme wa Watooro, alianza Lugard, ofisa wa Kiingereza, 1891. Toro ilijitenga na Bunyoro miaka ya 1830 hivi, sasa mfalme Kabalega wa Bunyoro akairudisha kwa mabavu, Kasagama, mwana wa mfalme wa Toro, akiwa bado kijana akakimbilia upande wa Buganda, Lugard akamchukua akaenda kumkalisha kwenye kiti cha baba zake. Halafu akapanga ngome kumzuia Kabalega, na nyingine akaiweka Katwe kwenye ziwa la chumvi, maana chumvi ya Katwe ilikuwa utajiri mkubwa enzi hizo.

Baraka: Askari aliwatoa wapi?

Rehema: Wasudani! Wale wa Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan, yeye aliondoka na mpelelezi Stanley 1889 wao wakabaki Kavalli karibu na Ziwa Albert, Lugard akawakuta huko na wake zao na watoto na watumishi, maelfu ya watu, akawagawa kwenye ngome. Sasa fikiria umeweka watu wote hao na chakula huwapelekei, watakula nini? Wakawa wanaingia vijijini kunyang'anya, mtama, mbuzi, mpaka watu. Mtooro wa kawaida alibanwa na Kabalega upande huu, askari wa ngome upande ule.

Baraka: Daah.

Rehema: Na hapa ndo panaponiuma kuhusu hilo jina. Portal alipofika akaagiza askari waondolewe kwenye ngome za Toro, sawa, lakini hakuacha ulinzi mwingine wowote, mwaka huohuo watu wa Kabalega wakaingia, Kasagama akakimbilia milimani. Waingereza wakaja kumrudisha 1894.

Baraka: Portal akiwa wapi?

Rehema: Alishafariki London Januari 1894, homa ya matumbo, miaka 35 tu. Mahali pakaitwa Fort Gerry, yaani Gerald huyohuyo, 1900 ndo ikawa Fort Portal. Sanamu yake iliwekwa mjini.

Baraka: Wenyeji wao walipaitaje?

Rehema: Kabarole, wilaya bado inaitwa hivyo. 2020 mji ulivyopandishwa kuwa jiji wakaendelea na Fort Portal. Mimi kaka ningeweka Kabarole, na kibao cha Kasagama na cha wanavijiji waliowalisha wale askari bila kupenda.

Baraka: Watu wa hoteli na utalii watakwambia Fort Portal ndo inajulikana duniani.

Rehema: Wataizoea Kabarole, mbona Murang'a kule Kenya iliitwa Fort Hall na leo hakuna anayepotea njia.