Begi Mgongoni, Mwandiga Hadi Kalinzi: Zoezi la Kilimanjaro Ukiwa Kigoma

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Hapa ni Mwandiga, inapoanzia barabara ya Manyovu, na mgongoni nina begi la kilo 12. Nakwenda Kalinzi kwa miguu, nalala huko, kesho nashuka. Niko peke yangu. Hili ni zoezi la kujiandaa na Kilimanjaro, njia ya Lemosho, na nataka uone namna ya kulifanya ukiwa hukuhuku kwetu. Usingoje mpaka uko mlimani ndipo ujue begi lako linakubana wapi.

Najua mtaniuliza: si Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji? Na mizigo si inabebwa na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani? Kweli kabisa. Kule utabeba kibegi cha maji, koti la mvua na sweta. Lakini njia ya Lemosho ni kama kilomita 70, watu wengi wanaitembea siku 7 au 8, na mgongo uliozoea kilo 12 kwenye jua la Kigoma hautalalamika kwa kibegi. Na nasema uende peke yako kwa sababu hakuna wa kukukazia mkanda wala wa kukukumbusha kunywa maji. Unajifunza kujisikiliza. Na ukishabeba kilo 12 kupanda milima hii, utawaheshimu wagumu, maana wao wanaruhusiwa kubeba mpaka kilo 20.

Haya, kupanga begi. Hapa naenda haraka. Chini kabisa mfuko wa kulalia na nguo za baridi. Vizito, yaani unga, maji na jiko dogo la gesi, vinakaa katikati, vimegusa upande wa mgongo. Juu koti la mvua na tochi ya kichwani. Kila kitu ndani ya nailoni ngumu. Kupima uzito, nenda kwa muuza dagaa pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, mwombe mizani yake, hatakukatalia. Kama ndiyo unaanza, anza na kilo 6 au 7. Na kanga! Usisahau kanga. Ni taulo, ni shuka, ni kivuli, unajifunga kichwani jua likiwa kali. Kaka zangu, bebeni kikoi basi.

Sasa njooni karibu, hapa ndipo penyewe. Mkanda wa kiunoni.

Legeza mikanda yote. Yote. Vaa begi, inama kidogo mbele, lipandishe kwa mabega. Sasa tafuta mifupa ya nyonga kwa vidole, hii hapa, huku na huku. Mkanda unakaa juu ya mifupa hii. Siyo tumboni. Siyo tumboni jamani! Funga, kaza. Ukishakaza wa kiunoni ndipo unavuta ya mabegani, mpaka iguse tu. Mwisho wa kifuani, kidogo tu, usijibane pumzi.

Subirini huyu wa bodaboda apite... Vumbi lote limeingia kwenye simu. Ngoja nifute kioo.

Haya, narudia, kwa sababu sina hakika kama mmeona vizuri. Kiunoni kwanza, mabegani baadaye. Ukianza na mabega, uzito wote unaning'inia shingoni, na ukifika kwenye mlima wa kwanza tu mikono inakufa ganzi. Mimi nauza mabegi ya mtumba, na wapo wateja wanaonirudishia wakisema begi bovu. Namvalisha mwenyewe palepale dukani, naushusha mkanda kutoka tumboni mpaka kwenye nyonga, anatabasamu, anaondoka nalo. Jipime hivi: ingiza kiganja kati ya mkanda wa bega na bega lako. Kikiingia bila kulazimisha, umepatia. Kikigoma, rudi kiunoni.

Kabla ya kuondoka: kitambulisho cha NIDA mfukoni. Mkoa wetu umepakana na Burundi, na mtu mgeni mwenye begi kubwa kwenye barabara ya mpakani ataulizwa. Ni haki yao kuuliza. Mwachie mtu wa nyumbani karatasi: napita wapi, nalala wapi, nikiwa sijatuma ujumbe mpaka saa mbili usiku nitafutwe. Ukifika kijijini, nenda kwa mtendaji au mwenyekiti kabla hujafungua hema. Wasalimie wazee, jieleze unatoka wapi na unafanya nini. Mara nyingi wenyewe watakuonyesha pa kulala palipo salama kuliko ulipopachagua wewe.

Tunapanda sasa. Mnasikia ninavyoongea? Nimeshaanza mlima, na bado naongea na nyinyi. Hicho ndicho kipimo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Usisimame, punguza tu. Kule Kilimanjaro utaambiwa "polepole" mpaka uichoke, na wana sababu. Ziwa letu hapa lipo kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Hakuna mlima wa Kigoma utakaokuzoesha hewa nyembamba ya kule. Zoezi hili ni la miguu, mgongo na akili. Hewa utaizoea kulekule, kwa kuongeza kimo kidogokidogo. Ndiyo maana Lemosho inakupandisha mpaka kwenye mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 na kitu, halafu inakushusha ulale kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Kwa hiyo ukiwa na hela ya kuongeza siku, ongeza siku. Mimi ningeacha kununua buti jipya nikalipia siku ya nane.

Hapa kuna mvua inakuja, naona kule upande wa Burundi kumefunga. Nazima kidogo.

Tumerudi. Imepita. Ona begi limelowa nje, ndani kukavu, ndiyo kazi ya ile nailoni.

Miguu. Ukisikia sehemu inawaka, simama hapohapo. Siyo "nifike pale kwenye mti". Hapohapo. Vua, kausha kwa kanga, bandika plasta, badili soksi. Lengelenge likishatunga maji, safari imekuwa ndefu mara mbili.

Sasa ni jioni, Kalinzi, huku kwenye mashamba ya kahawa, na baridi ya huku siyo ya mjini. Chakula: ugali wa muhogo, dagaa niliokwisha kuwakaanga nyumbani na chumvi na pilipili. Wepesi kubeba, wanashibisha. Chai ya tangawizi. Maji ya kijito usiyaamini hata yakiwa meupe: yachemke kabisa, yatokote dakika moja nzima. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Asubuhi. Na hili ndilo watu wengi hawalifanyii zoezi: kushuka. Siku ya kileleni, ukishafika Uhuru, unateremka mpaka kambi ya Mweka, kama mita 3,100. Ni zaidi ya mita 2,700 za kushuka kwa siku moja, na usiku wote hujalala. Magoti ndipo yanaposema. Kwa hiyo usipande Kalinzi ukarudi kwa daladala. Rudi kwa miguu, na begi lako.

Kabla ya kushuka, kamba za viatu. Legeza vidoleni, kaza hapa kifundoni, fundo mara mbili, kisigino kirudi nyuma kabisa. Piga ncha ya kiatu chini: vidole vikigusa mbele, fungua ufunge upya. Vikigusa mbele hapa, kwenye Mweka kucha zitageuka nyeusi. Hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, fimbo inatangulia.

Na mkanda wa kiunoni umelegea usiku, wa kwangu pia, ona. Nyonga kwanza, mabega baadaye. Mabegi yapo, ya kiume na ya kike, njooni nayo hata kama mlinunua kwingine, nitawapimia bure. Simu ina chaji kidogo, naibakiza ya kutuma ujumbe nyumbani.